Bibi Harusi, Hiyo Fidla Unayoisikia ni ya Kweli?

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi hapa Songea, ugomvi huu unaujua. Bibi harusi mtarajiwa kaona klipu ya harusi ya Dar: mwenzake anaingia ukumbini taratibu, fidla zinalia, watu wanafuta machozi. Naye anataka hivyo hivyo. Mchumba anacheka: "Mama, mpiga kinanda wetu ana fidla 20 humo humo ndani, ni kubonyeza tu." Bibie ananuna, siku mbili simu hazipokelewi.

Nani ana haki? Wote wawili, kila mmoja nusu nusu.

Kwanza tuelewane. Zile nyuzi za kwenye kinanda ni watu kabisa. Walikaa studio wakapiga noti moja moja, kwa upole, kwa nguvu, kwa upinde mrefu, kwa upinde mfupi, na kila moja ikarekodiwa. Ukibonyeza, unaitoa ile rekodi. Wala wazo si la jana. Mwaka 1963 Waingereza walianza kuuza Mellotron, kinanda ambacho kila kibonye kilivuta utepe wake. Sekunde kama 8 hivi utepe umeisha, sauti imekatika, upende usipende. Mwaka 2000 mpiga selo Herb Tucmandl akaanzisha Vienna Symphonic Library kule Austria, kazi ikiwa ni kurekodi ala za okestra noti kwa noti kwa ajili ya kompyuta. Spitfire Audio ya London nao wakairekodi BBC Symphony Orchestra nzima, wakaiuza kuanzia 2019. Toleo lake kubwa linameza zaidi ya gigabaiti 500!

Sasa linganisha na kinanda cha bei nafuu cha ukumbini, chenye kumbukumbu kiduchu. Rekodi moja inavutwa itoshe vibonye kadhaa, halafu kipande kifupi kinazungushwa tena na tena ili noti iwe ndefu. Sikiliza vizuri, utasikia sauti inapanda na kushuka kwa kipimo kimoja kama feni ya dari. Na noti za haraka ndiyo balaa: rekodi ni ile ile, inatoka ta-ta-ta-ta kama cherehani. Mkono wa binadamu haupitishi upinde mara mbili sawasawa.

Ndiyo maana nasema kinanda kina sehemu yake. Kikishika noti ndefu, nyingi kwa pamoja, chini chini nyuma ya mwimbaji, hata mwanamuziki anaweza kudanganyika. Kikipewa fidla moja iimbe peke yake, kinaumbuka. Ile Kanoni ya Pachelbel wanayoipenda maharusi iliandikwa kwa fidla tatu zinazofukuzana juu ya besi. Ukiipiga kwa sauti moja ya kinanda, fidla zote tatu zinageuka uji.

Wenzetu wa Zanzibar hili wamelipitia zamani. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na kwao utakuta fidla zimejipanga pamoja na udi na ganuni. Miaka ya 1990 ikaja rusha roho, East African Melody na wenzao, kinanda kikakalia viti vya wale wapiga fidla. Raha ipo, sibishi, hata mimi nanyanyuka kutunza. Lakini fidla ya taarabu huwa inateleza, inapita katikati ya kibonye na kibonye, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina njia. Yamaha walitengeneza hata vinanda vya muziki wa Kiarabu, kama PSR-A3000, vinavyofika huko katikati. Kule kuteleza kwenyewe bado kunategemea mkono wa mpigaji. Chuo cha muziki cha DCMA kilipoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, fidla iliwekwa kati ya ala wanazofundishwa vijana, na hao ndio wa kuwapigia simu kama mfuko unaruhusu.

Kwetu mfuko ndio kesi. Kutoka Dar hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900. Nauli, chumba, chakula, na huyo ni mpigaji mmoja tu! Michango yenyewe mnaijua.

Kwa hiyo bwana harusi ashinde kuhusu kinanda, bibi harusi achague kinapigaje. Mpigaji ashike nyuzi taratibu, wimbo wenyewe aubebe binadamu. Sauti hatujapungukiwa: Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na huku kwetu kwaya ni jambo la kila Jumapili. Mtafuteni dada mmoja mwenye sauti yake, mlipeni vizuri. Zawadi zikianza kuingia, kinanda kinyamaze, lizombe ichukue ukumbi.

Siku moja kabla, nendeni wote wawili ukumbini jioni. Kaeni pale atakapokaa mama mzazi, si pembeni ya spika. Kama nyuzi zinakwaruza, mpunguze sauti za juu. Kama zinaelea kama zinatoka kisimani, mwambieni azime mwangwi wa kinanda, ukumbi una wake wa kutosha.

Na MC aonywe mapema: bibi harusi akiwa mlangoni, kipaza sauti kiwe mezani.