Kompyuta na Mafuriko ya Rufiji

Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti. Mwanafunzi wa kompyuta atakaye kuandika programu ya kuyapima anazo picha za rada za setilaiti Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014. Hutolewa bure, na rada hupenya mawingu ya masika. Maji matulivu huakisi mawimbi kwenda mbali, ndiyo maana huonekana meusi. Je, programu itafute weusi tu? La hasha! Ndani ya mikoko mawimbi hugonga maji, kisha shina, yakarudi yalikotoka. Palipofurika huweza kung'aa, na programu itapaita nchi kavu. Hana budi kupanda mtumbwi deltani, akapime kwa upondo maji ya bamvua siku ile ile setilaiti ipitapo.