Kocha aliyekataa kuficha vijana wake

Kila mara ekipe ya vijana inapoteza mechi tatu mfululizo, hapa kwetu maneno ni yale yale: kocha aende! Tunasema hivyo pembeni ya kiwanja, tunasema hivyo mu bus ya kurudi kutoka kazi. Sisi wenyewe tulishasema vilevile, tunakubali. Juu ya hiyo leo tunawaletea habari ya Duke, chuo kikuu cha Durham, Marekani. Basketi ya vyuo vya kule si kitu kigeni kwetu: ndiko Dikembe Mutombo wetu alitokea, pale Georgetown, mbele ya kuingia NBA mwaka 1991.

Mwaka 1980 Duke ilimpa kazi Mike Krzyzewski, mutu wa miaka 33 tu, na jina ambalo hata Wamarekani walishindwa kulitamka. Msimu wake wa pili: kushinda 10, kushindwa 17. Wa tatu: 11 na 17. Ile ya tatu iliumiza zaidi, maana uwanjani alikuwa ameweka vijana wa mwaka wa kwanza: Johnny Dawkins, Mark Alarie, Jay Bilas, David Henderson. Watoto waliotoka masomo ya sekondari juzi, wanapambana na wanaume waliokomaa. Hata Wagner, chuo kidogo, ilikuja kuwapiga nyumbani kwao.

Watu wakamwambia: cheza zoni. Katika zoni kila muchezaji analinda fasi yake ya kiwanja, na aliye muzito anafichwa na wenzake. Ni kama kapita anayemuweka mugeni katikati ya wazee wawili: kazi inaenda, lakini hatujue kama mugeni anajua ao hajui. Krzyzewski alikataa. Yeye alifundishwa na Bob Knight katika chuo cha jeshi, na alishika ulinzi wa mutu kwa mutu. Kila mumoja ana adui wake. Akipitwa, uwanja wote unaona ni nani amepitwa. Na wale watoto walipitwa, bana, walipitwa kabisa!

Tarehe 11 Machi 1983, kule Atlanta, Virginia ya Ralph Sampson, jitu la zaidi ya metre 2,20, iliwafunga 109 kwa 66. Pointi 43! Ile usiku kocha na wasaidizi wake walikaa kula. Mumoja akainua glasi ya maji, akasema tunywe kwa kusahau leo. Krzyzewski akamkatiza: tunywe kwa kutosahau hata siku moja. Oktoba, vijana waliporudi mazoezini, wakakuta ubao wa pointi umewashwa: 109–66.

Wafadhili wa chuo walikuwa wanataka afukuzwe. Tom Butters, mukubwa wa michezo pale Duke, akafanya kinyume: Januari 1984, katikati ya kelele, alimuongezea mukataba. Tunaona hapa ndipo penye mafupa ya habari hii. Ulinzi wa mutu kwa mutu hauingii mu miguu kwa mwaka mumoja, na kocha anayeogopa kufukuzwa Jumatatu atacheza zoni Jumamosi.

Ule msimu walishinda mechi 24, na katika mashindano ya kanda wakaitoa North Carolina ya Michael Jordan, 77 kwa 75.

Lakini tusidanganyane. Dawkins alikuwa na kipaji ambacho kocha hawezi kukifundisha. Alitoka chuoni na pointi 2.556. Angekuwa na vijana wa kawaida, pengine ule ukaidi wa Krzyzewski tungeuita ujinga, na Butters angefukuzwa pamoja naye.

Mwaka 1986 Duke ilifika finali ya nchi nzima, imeshinda 37. Ikashindwa na Louisville, 72 kwa 69. Kati ya watano walioanza ile mechi, wanne walikuwa wale wale watoto wa 1983.