Kelele, Uvurugaji na Hadaa: Mitandao ya Neva katika Usafishaji wa Mawimbi ya Rada

Makala haya yanakusudia kueleza namna mashine inavyofundishwa kutenga mwangwi wa rada na mawimbi ya adui, na kuonyesha kwamba istilahi zetu hazina budi kufuata maumbile ya jambo lenyewe.

Rada hurusha wimbi la redio, kisha husikiliza mwangwi urudio kutoka kwenye ndege au meli. Muda upitao ndio uonyeshao umbali. Mwangwi huo ni dhaifu mno, hivyo ni rahisi kufunikwa. Hapa yafaa tutofautishe mambo matatu. Kelele haina nia: hutokana na joto la mitambo, jua na anga. Uvurugaji una nia: adui hurusha mawimbi yenye nguvu ili kuuzamisha mwangwi. Hadaa nayo ni mwangwi wa uongo. Usiku wa tarehe 24 Julai 1943, ndege za Uingereza zilizoushambulia mji wa Hamburg zilimwaga vipande vya karatasi ya alumini, na rada za Wajerumani zikajaa ndege zisizokuwapo.

Mtandao wa neva ni utaratibu wa hesabu unaoiga, kwa mbali, seli za neva za ubongo. Mwaka 1960, Bernard Widrow na Marcian Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza neva moja ya kubuni, Adaline. Kila kiingiacho hupewa uzito. Jibu hulinganishwa na lile litakiwalo. Uzito hurekebishwa kwa kadiri ya kosa. Mwaka 1967, Widrow na wenzake walionyesha kwamba kanuni iyo hiyo yaweza kuongoza antena kadhaa kwa pamoja, zikawa kiziwi kwa upande atokako mvurugaji. Mitandao ya leo ina tabaka nyingi za neva hizo, nayo hufunzwa kwa mifano ya miangwi safi na iliyovurugwa.

Hata hivyo, mtandao hujua kile ulichofunzwa. Mbinu mpya yaweza kuupita. Tena waweza kuufuta mwangwi wa ndege ya kweli kwa kuudhani uvurugaji.

Kwa hiyo neno "kelele" pekee halitoshi. Kelele hupunguzwa kwa kujumlisha miangwi mingi. Uvurugaji, kwa kuuziba upande utokako. Hadaa, kwa kuuhoji kila mwangwi. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa maradhi matatu atatafuta dawa moja, wala hataipata.