Chipu ya kusoma milio ya simu: mnunuzi atazame laini kabla ya bei

Vifaa vya kuwasha pampu ya maji au kufungua geti kwa kupiga simu vina wanunuzi wake, hasa miongoni mwa wenye mashamba wanaoishi mjini. Mwekezaji mdogo anayetaka kuviunda, hata kama ataanza na 200 tu, hugundua mapema kwamba fedha nyingi zinakwenda kwenye boksi, relei, usambazaji wa umeme na ujira wa mafundi. Chipu inayosoma milio ya vibonye ni kijisehemu tu cha hesabu hiyo. Hata hivyo, ndiyo inayoamua kama mzigo utauzika au utarudishwa dukani. Ikisoma namba isiyobonyezwa, pampu huwaka usiku wa manane wakati kisima kimekauka, na anayedaiwa mota iliyoungua ni muuzaji.

Kila kibonye cha simu hutoa milio miwili kwa pamoja, mmoja mzito na mwingine mwembamba. Ukibonyeza 1, laini hupokea hezi 697 na hezi 1209. Milio mizito ni minne na myembamba ni minne, hivyo michanganyiko ni 16, ingawa simu ya kawaida hutumia 12 tu. Kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kuwauzia wateja huduma hiyo Novemba 18, 1963 katika miji ya Carnegie na Greensburg, jimboni Pennsylvania. Masafa hayo yalichaguliwa kwa makusudi ili sauti ya binadamu isiyaige kwa urahisi. Lakini sauti ya mtu, na muziki zaidi, huweza kuyaiga mara moja moja, na hapo ndipo chipu nzuri hutofautiana na mbovu.

Katika biashara hii jina linalotajwa zaidi ni 8870. Chipu ya MT8870 ilitoka kwa Mitel, kampuni ya Canada iliyoanzishwa mwaka 1973. Ina miguu 18, hutumia volti 5, na hutoa jibu kwa nyaya nne pamoja na mguu mmoja wa kutangaza kwamba namba imekubaliwa. Huhitaji kristali ya megahezi 3.579545, ileile ya televisheni za rangi za mfumo wa Marekani, na kwa sababu hiyo kristali hiyo haikuwa adimu wala ghali. Zipo pia CM8870 ya California Micro Devices na HT9170 ya Holtek ya Taiwan. Hiyo ya Holtek ina faida moja ya kuzingatiwa: hufanya kazi kuanzia volti 2.5 hadi 5.5, kwa hiyo inakaa vizuri na maikrokontrola za volti 3.3. Mwenye kuunganisha MT8870 na kontrola ya aina hiyo lazima aongeze vipande vya kushusha volti, na vipande hivyo navyo vina bei.

Ununuzi wenyewe unataka macho. Kitengo cha chipu cha Mitel kilibadilishwa jina na kuwa Zarlink mwaka 2001. Zarlink ikanunuliwa na Microsemi mwaka 2011, na Microsemi ikachukuliwa na Microchip mwaka 2018. Juu ya chipu huchapwa pia tarakimu nne za tarehe, kwa kawaida mbili za mwaka na mbili za wiki. 1532, kwa mfano, ni wiki ya 32 ya mwaka 2015. Basi mnunuzi akipewa chipu yenye nembo ya Mitel na tarakimu 1532, ajue kuna aliyeifuta na kuichapa upya. Huenda ikafanya kazi, kwa kuwa chipu zilizotolewa kwenye mashine kuukuu si lazima ziwe zimekufa, lakini hiyo si bidhaa ya kumwekea mteja dhamana ya mwaka mzima.

Baada ya hapo huja suala la muda. Chipu za familia hii hungoja kidogo kuhakikisha kwamba mlio umedumu ndipo ziukubali, na muda huo hupangwa na rezista moja na kapasita moja. Mpangilio wa kawaida ni kiloomu 300 na maikrofaradi 0.1, unaokubali mlio wa milisekunde 40. Fundi akiongeza kapasita, sauti za watu hudanganya chipu mara chache zaidi. Akizidisha, mashine zinazopiga namba zenyewe kwa haraka hazitasikika. Kwa pampu inayoamriwa na kidole cha mtu, kungoja zaidi hakuna hasara. Dawa ya pili haigharimu chochote: kifaa kisitii kibonye kimoja, bali kidai nyota, namba za siri tatu au nne, kisha reli. Anayeuza kifaa kinachowaka kwa kubonyezwa 1 pekee anajitafutia matatizo, maana yeyote mwenye namba ya simu hiyo anaweza kumwagilia shamba la mwenzake.

Jambo dogo ambalo huwachelewesha mafundi wapya: katika 8870 kibonye cha sifuri hakitoi sifuri. Hutoa 1010, yaani kumi. Sifuri kamili ni jibu la kibonye D, ambacho simu za nyumbani hazina.

Je, chipu yenyewe ni ya lazima? Maikrokontrola iliyomo ndani ya kifaa inaweza kusoma milio kwa programu, kwa hesabu iliyochapishwa na Goertzel mwaka 1958. Kwa anayetengeneza maelfu, kuondoa chipu na kristali yake katika kila kifaa ni akiba ya kweli. Kwa mwenye vifaa 200, akiba hiyo humezwa na malipo ya mwandishi wa programu na wiki za majaribio. Kwa kiwango hicho 8870 bado ni uamuzi wa busara.

Lakini ubora wa chipu hauna maana kama mlio unafika umeharibika, na wengi hununua bila kuliuliza hilo. Katika laini ya waya mlio hufika ulivyo. Katika simu ya mkononi, mpigaji akibonyeza namba simu yake hupeleka ujumbe tu, na mtandao ndio unaotengeneza mlio. Mlio huo, kabla ya kutoka kwenye tundu la spika ya masikioni la simu iliyofungwa kwenye pampu, hupita katika ubanaji wa sauti uliotengenezwa kwa maneno ya watu. Siku nyingine hupita salama, siku nyingine namba moja kati ya nne hupotea. Kwenye simu za intaneti hali ni mbaya zaidi: kodeki kama G.729 huiharibu milio, ndiyo maana tangu RFC 2833 ya mwaka 2000, iliyofuatwa na RFC 4733 mwaka 2006, namba hupelekwa kama taarifa badala ya sauti. Huko chipu haina cha kusoma. Na wale wanaodhani *150*00# ya M-Pesa ni biashara ya milio hiyohiyo wamepotea njia. Ile ni USSD, haipiti kwenye sauti kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mzigo, mwekezaji achukue chipu kumi za muuzaji huyo na azifunge kwenye laini ileile itakayotumika kwa mteja. Abonyeze kila namba mara mia, ahesabu zilizokosekana. Kisha aiache redio ikizungumza kwenye simu kwa saa kadhaa na kuhesabu namba ambazo hakuna aliyezibonyeza. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, au asiyeandika kwenye risiti kwamba atapokea zilizorudishwa, aachwe na chipu zake.