Mtoto anapoanza shule, kujua herufi si hoja kuu

KILA Januari, shule za chekechea kote nchini hupokea watoto wanaoingia darasani kwa mara ya kwanza. Wazazi wengi hufika langoni wakiwa wamekamilisha orodha ya mahitaji: sare, begi, vitabu vya mazoezi, penseli za rangi na karatasi za shashi. Mara nyingi kinachosahaulika ni kumwandaa mtoto mwenyewe.

Wapo wazazi wanaodhani kwamba kumwandaa ni kumkaririsha alfabeti na kumfunza kuhesabu hadi mia moja kabla hajatimiza miaka minne. Baadhi hata humtafutia mwalimu wa nyumbani wakati wa likizo ya Desemba. Kazi hiyo ni ya shule. Anachohitaji mtoto siku ya kwanza ni mambo mawili: kujitimizia mahitaji madogo bila mamaye kuwa karibu, na kuamini kwamba aliyemwacha pale atarudi kumchukua.

Chini ya mtaala wa umilisi (CBC), ambao ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, mtoto hujiunga na PP1 akiwa na umri wa miaka minne, PP2 akiwa na mitano, kisha Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Katika madarasa hayo ya awali, mafunzo hupitia katika michezo, nyimbo, hadithi, uchoraji na upangaji wa vitu. Kusoma na kuhesabu huchipuka kutokana na shughuli hizo.

Hofu ya wazazi ina chanzo chake. Katika enzi za 8-4-4, shule nyingi ziliwafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea katika Darasa la Kwanza, na walimu wa chekechea wakalazimika kuwakaririsha masomo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilizikataza shule za umma kumtahini mtoto ili kuamua iwapo atasajiliwa, isipokuwa kwa lengo la kumpanga katika darasa linalomfaa. Mzazi hana haja tena ya kuishi na hofu hiyo.

MIKONO KABLA YA KALAMU

Mtoto hushika penseli vyema ikiwa vidole vyake vimekomaa kwa kazi nyingine. Kubambua maharagwe, kukanda unga wa chapati, kuchambua sukuma wiki na kufinyanga udongo humpa nguvu za vidole. Akipanga sahani mezani na kuhakikisha kila mtu ana yake, amekwisha kuanza hisabati. Akisimuliwa hadithi na kuteguliwa vitendawili, sikio lake linazoea kufuata maneno.

Simulizi hizo zinafaa kuwa katika lugha anayoielewa. Sera ya elimu nchini hupendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya mwanzo. Hata hivyo, mtoto anayezungumza Kikamba au Kiluo nyumbani na kusomea mjini atakutana na Kiswahili au Kiingereza. Mzazi hapaswi kumkataza lugha ya nyumbani. Amwongezee tu maneno machache atakayoyahitaji siku ya kwanza: maji, choo, njaa, naumwa, nisaidie.

Kujihudumia nako hujengwa mapema. Wiki kadhaa kabla ya shule kufunguliwa, mtoto azoeshwe kuvaa na kuvua suruali, kufunga vifungo, kunawa mikono kwa sabuni na kufungua mwenyewe chupa ya maji na mkebe wa chakula. Aliyezoea poti au choo cha kuketi nyumbani hufaa kuonyeshwa jinsi ya kuchutama, kwa kuwa shule nyingi zina vyoo vya shimo, na baadhi ya watoto huviogopa kiasi cha kujizuia kutwa nzima.

Viatu ni jambo jingine. Wazazi wengi hununua vikubwa ili mtoto “akue navyo”, na matokeo yake ni kwamba hujikwaa kila anapokimbia na wenzake. Sweta, kofia na begi viandikwe jina, kwani darasani vyote hufanana. Nguo moja ya ndani ya akiba ndani ya begi humwepusha mtoto na aibu.

Aidha, mtoto ajue jina lake rasmi. Wapo wanaoitwa ‘Baby’ au ‘Kadogo’ tangu kuzaliwa, na mwalimu anapoita sajili hawaitikii. Inafaa pia ajue majina ya wazazi, mtaa anaoishi na watu ambao wameruhusiwa kumchukua. Shule nayo ifahamishwe ni nani hao, hasa pale ambapo mtoto husafirishwa kwa bodaboda au basi la shule.

AFYA NA USINGIZI

Kabla ya kusajili, mzazi hushauriwa kukagua kijitabu cha kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi tisa na kumi na minane, na iliyorukwa huweza kuulizwa katika kituo cha afya. Cheti cha kuzaliwa pia kitafutwe mapema, kwa kuwa shule hukihitaji wakati wa usajili.

Usingizi haupaswi kupuuzwa. Katika mwongozo wake wa 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale kwa saa 10 hadi 13 kwa siku, na asitazame televisheni au simu kwa zaidi ya saa moja. Anayelala saa nne za usiku hawezi kubadilika kwa siku moja. Inafaa muda wa kulala usogezwe kidogo kidogo wiki mbili au tatu kabla ya Januari.

KUAGANA LANGONI

Hata hivyo, jaribio kubwa huwa langoni. Wazazi wengi hutoroka mtoto anapogeuza uso kutazama bembea. Kilio hucheleweshwa tu, na funzo analopata mtoto ni kwamba mzazi huweza kutoweka wakati wowote. Kesho yake hatamwachilia nguo.

Ni heri kuaga waziwazi, kwa ufupi, kisha kuondoka bila kurudi nyuma. Kumwambia mtoto wa miaka minne “nitakuja saa sita” hakumsaidii, kwa sababu hajui saa. Yeye hupima wakati kwa matukio. Aelezwe kwamba watakunywa uji, watacheza nje, watasimuliwa hadithi, kisha mamaye au babaye atafika.

Kosa jingine ni kumtisha kwa maneno kama “ngoja uende shule, mwalimu atakuchapa.” Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na sheria ya 2013 ikasisitiza marufuku hayo. Isitoshe, mtoto aliyejengewa hofu ya mwalimu hatathubutu kumwomba ruhusa ya kwenda msalani. Atajikojolea, wenzake watamcheka, na shule itageuka mahali pa kuchukiwa.

Wapo pia watoto wasiolia siku ya kwanza lakini wakaangua kilio wiki ya pili, au Jumatatu baada ya mapumziko. Mambo mapya yamezoeleka, na sasa wanatambua kwamba safari hii ni ya kila siku. Wengine huanza kukojoa kitandani au kudeka upya. Kwa kawaida hali hiyo hupungua baada ya wiki kadhaa. Ikizidi, au mtoto akionyesha hofu ya mtu au mahali fulani, mzazi azungumze na mwalimu bila kuchelewa na amsikilize mtoto bila kumkaripia.

Jioni, swali la “umefundishwa nini leo?” huwa zito kwa mtoto. “Ulicheza na nani?” au “nani alikuchekesha?” humfungua kinywa.

Zaidi ya yote, aliyeahidi kufika baada ya hadithi sharti afike wakati huo. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kwa mtoto anayeanza shule, deni hilo hulipwa langoni kila siku.