Kilo 52 za Nini?

Tuwachukue wanawake wawili wa miaka 40, kila mmoja ana urefu wa sentimita 152 na uzito wa kilo 52. Wa kwanza analima kahawa na mihogo kwenye miteremko ya Rwenzori, juu ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda. Kila siku anapanda na kushuka mlima, mzigo wa kuni umemlalia mgongoni na ukanda wake umepita kwenye paji la uso, kama wabebavyo wanawake wa Kikonzo. Wa pili anauza vitenge Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Bodaboda humleta asubuhi, hukaa kwenye stuli mpaka jioni, bodaboda ikamrudisha. Wakipanda mizani ya kituo cha afya watapata jibu moja. Muuguzi atagawanya kilo 52 kwa urefu wa mita 1.52 uliozidishwa kwa wenyewe, apate 22.5. Namba hiyo, ambayo wauguzi na madaktari huiita BMI, imo kati ya 18.5 na 25, mipaka ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, linaitambua kuwa ndiyo ya uzito wa kawaida kwa mtu mzima. Wote wawili wataambiwa wako salama, warudi nyumbani. Kilo za nini, hakuna aliyeuliza. Za mmoja huenda ni misuli ya mapaja na mgongo. Za mwenzake huenda ni zile ambazo mtaani huitwa nyama uzembe, tena nyingine zimejificha tumboni kuzunguka ini, mahali ambapo jicho halifiki.

Kosa hili si la muuguzi. Kipimo chenyewe hakikuzaliwa kwa kazi hiyo. Mwenye hesabu hii ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mwanahisabati na mwanafalaki, aliyekuwa akimtafuta “mtu wa wastani” katika takwimu za jamii nzima. Mgonjwa mmojammoja hakuwa shughuli yake. Hesabu ikalala mpaka mwaka 1972, Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipoifufua na kuipa jina inalolitumia hadi leo. Waliijaribu kwa maelfu ya wanaume wa Marekani, Ulaya, Japani na Afrika Kusini. Wanaume watupu. Keys mwenyewe hakudai makubwa: alisema tu kwamba haizidiwi na hesabu nyingine za uzito na urefu zilizokuwapo. Mwaka huohuo wa 1972, kwa sadfa tu, Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, na wengi wao wakaishia Uingereza, hasa mji wa Leicester. Naitaja sadfa hii kwa sababu miili ya watu wenye asili ya Asia Kusini, wakiwamo hao waliotoka kwetu, ndiyo iliyokuja kuwatia shaka madaktari wa Uingereza. Watu hao walikuwa wakipata kisukari na maradhi ya moyo wakiwa bado na uzito ambao kwa Mzungu ungepita bila neno.

Ushahidi unaokumbukwa zaidi ni picha ya watafiti wawili iliyochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Lancet. Mmoja ni Chittaranjan Yajnik wa Pune, India, mwingine ni John Yudkin wa London. BMI zao zilikuwa sawa, 22.3. Mashine ya eksirei ilipopima mafuta, ikakuta ya Yudkin ni asilimia 9.1 ya mwili wake, na ya Yajnik ni asilimia 21.2. Yajnik hakushangaa. Katika vijiji vya kuzunguka Pune alikuwa amewafuatilia kina mama wakulima, wafupi, wembamba, wenye BMI ya wastani ya 18 hivi, watu ambao kwa mizani wangehesabiwa karibu na wenye njaa. Watoto wao walizaliwa na wastani wa kilo 2.7, wakati wale wa Southampton, Uingereza, walikuwa na kilo 3.5. Kilichopungua zaidi kwa wale wa Pune ni misuli na viungo vya ndani. Mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa karibu yale yale. Yaani mtoto alizaliwa mwembamba na mnene kwa wakati mmoja. Mwaka huo wa 2004 wataalamu wa WHO wakashauri kwamba kwa watu wa Asia hatua za afya zianze kufikiriwa BMI ikifika 23, na zikazwe ikifika 27.5. India ikaenda mbali zaidi: katika uchunguzi wake wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021, ilipima pia mzunguko wa kiuno. Kwa BMI, mwanamke mmoja kati ya wanne hivi alikuwa na uzito uliozidi. Kwa kiuno, wenye kitambi walikuwa asilimia 40.

Hapo msomaji wa Kasese anaweza kuuliza: basi si tuchukue hiyo 23 tuibandike ukutani Bwera? Hapana, na hapa ndipo naachana na wanaotaka kila kabila lipewe namba yake. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa kumbukumbu za matibabu za watu karibu milioni moja na nusu wa Uingereza. Ulitafuta ni kwa BMI gani kila kundi hufikia hatari ya kisukari aliyonayo Mzungu mwenye BMI ya 30. Kwa wenye asili ya Asia Kusini ilikuwa 23.9. Kwa watu weusi ilikuwa 28.1. Ukiifuata hesabu hiyo, mwanamke wa Bwera ana nafasi kubwa ya kunenepa kabla hajaanza kuogopa. Lakini “watu weusi” wa Uingereza ni mkusanyiko wa Wajamaika, Wanigeria, Wasomali na Waganda, wanaokula na kutembea kwa namna nyingine kabisa, na waliokulia chini ya paa tofauti. Watafiti wa kituo cha utafiti cha MRC/UVRI na LSHTM cha Entebbe walipowachunguza watu wazima wa Uganda waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili, karibu theluthi moja walikuwa na BMI chini ya 25. Kwa wembamba hao, udhaifu mkubwa ulikuwa kwenye kongosho: lilitoa insulini kidogo mno. Huko Afrika Kusini nako imeonekana kwamba wanawake weusi wana mafuta machache ya ndani ya tumbo kuliko wenzao weupe wa unene uleule, lakini miili yao huikaidi insulini zaidi. Namba moja ya kabila haiwezi kuyabeba mambo hayo yote. Tulichopaswa kujifunza kwa wanawake wa vijijini Pune ni lile swali lao, kilo za nini na ziko wapi. Jibu lao tuwaachie.

Kwa nini swali hilo lina uzito wa pekee hapa Kasese? Kwa sababu ya urefu. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba eneo la Tooro, ambamo wilaya ya Kasese huhesabiwa, ndilo lililokuwa na udumavu mkubwa kuliko maeneo yote ya Uganda: watoto wanne kati ya kumi wa chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Mtoto aliyedumaa hapotezi sentimita tu. Hupoteza misuli ambayo baadaye ingekuwa ghala la sukari ya damu, na wapo watafiti waliopima watoto waliodumaa huko São Paulo, Brazili, wakakuta miili yao huchoma mafuta kidogo kuliko ya wenzao. Msichana huyo akikulia mlimani, akila ugali wa muhogo na maharage na kuubeba muhogo wenyewe kutoka shambani, huenda asione lolote maishani. Akiteremkia mjini, mambo hubadilika. Chapati za kukaanga, soda, chai yenye vijiko vinne vya sukari, mawese kutoka ng'ambo ya Kongo, na bodaboda mahali pa miguu. Mwili uliojengwa kwa uchache unapewa wingi, na hauna pa kuuweka ila tumboni. Mizani haitamwona mapema, kwa kuwa alianza na misuli michache. Anaongeza kilo sita za mafuta na bado BMI yake ni ya kijani.

Wataalamu wengine wamejaribu kuitengeneza BMI ili iseme mafuta. Kanuni moja iliyotungwa Wageningen, Uholanzi, mwaka 1991 huchukua BMI, umri na jinsia, na kukupa asilimia ya mafuta. Kwa mwanamke wa miaka 20 mwenye 22.5 hutoa asilimia 26. Kwa wa miaka 40, asilimia 31. Inatusaidia kukumbuka kwamba umri nao huhesabiwa. Lakini ukiwaweka mbele yake wanawake wetu wawili wa miaka 40, itawapa wote 31. Haiujui mlima wala stuli. Zipo pia mizani za umeme zinazopitisha mkondo mdogo mwilini kutoka unyayo hadi unyayo na kuandika mafuta kwenye kioo. Zinakisia kwa kutegemea maji, kwa hiyo aliyepanda mlima na kutoka jasho bila kunywa chochote anaweza kuandikiwa mafuta asiyokuwa nayo. Sizipendekezi.

Yako mapingamizi, na mengine yana haki. La kwanza ni kwamba BMI ni rahisi na imezoeleka. Kweli, na kwa kuhesabu taifa inatosha: ndiyo iliyotuambia mwaka 2016 kwamba wanawake wa Uganda wenye uzito uliozidi wamefika asilimia 24, ilhali waliokonda ni asilimia 9. Sisemi itupwe. La pili ni kwamba kisukari bado ni kidogo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikipata kwa asilimia 1.4 tu ya watu wazima, na vijijini kikawa kidogo zaidi. Ni hoja nzuri, mpaka usome mstari unaofuata: karibu nusu ya hao hawakujua kwamba wanacho. Tena shinikizo la damu, ambalo huenda bega kwa bega na kitambi, si dogo. Utafiti wa Kasese uliochapishwa mwaka 2013 ulilikuta kwa zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano. La tatu ndilo gumu, kwa kuwa halitoki kwenye vitabu. Unene hapa ni heshima. Mke aliyenawiri ni ushahidi kwamba mume anatunza, na katika nchi ambayo ukimwi uliitwa “slim” tangu miaka ya 1980, kukonda bado kunawafanya watu wanong'one. Mhudumu akimwambia mama apunguze mwili, huenda anamwomba avae sura ya ugonjwa mbele ya majirani. Kwa sababu hiyohiyo napendelea kiuno kuliko kilo: unaweza kuwa na nyonga na mapaja yaliyojaa, ambayo kwa kweli hayana madhara makubwa na huenda hata yanakinga, huku ukipunguza tumbo peke yake. Heshima inabaki, presha inashuka.

Kifaa kinachotakiwa ni tepu ya fundi cherehani. Wahudumu wa afya wa vijiji tayari wanatembea na utepe wa rangi wa kupima mkono wa mtoto, wenye nyekundu chini ya sentimita 11.5 na kijani kuanzia 12.5, na hakuna anayesema kazi hiyo imewashinda. Kiuno hupimwa mtu amesimama, ameshusha pumzi, tepu ikipita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya nguo nyepesi au ngozi tupu. Juu ya kitenge kilichofungwa mafundo utapima kitenge. Pawe na pazia, na mpimaji awe mwanamke. Wajawazito wasipimwe, wala aliyejifungua chini ya miezi miwili. Kuhusu mpaka, uchambuzi uliojumlisha tafiti za nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara uliweka hatari kwa wanawake kuanzia sentimita 81. Kanuni nyingine, ambayo tangu mwaka 2022 inatumika Uingereza pia, inataka kiuno kisifike nusu ya urefu, na kwa mwanamke mfupi hiyo ni kali zaidi. Mimi ningezitumia zote mbili: aliye kati ya nusu ya urefu wake na 81 apimwe presha na sukari bila kutishwa, na aliyevuka 81 asiondoke kituoni kabla ya vipimo hivyo, hata kama mizani imemsifu.

Asiye na tepu achukue kamba. Aipime kutoka unyayo hadi utosi, aikate, aikunje katikati, kisha aizungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, aende hospitali ya Bwera, ya Kagando au kituo chochote kilicho karibu akapimwe presha na sukari. Kwa mwenye sentimita 152, kamba hiyo iliyokunjwa ina sentimita 76.