Je, Wajua? Kaunti ya watu 64

Kaunti ya Loving, magharibi mwa jimbo la Texas, Marekani, ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,700, lakini sensa ya mwaka 2020 ilikuta humo wakazi 64 tu. Hata hivyo serikali yake ni kamili: ina sherifu, makamishna wanne na jaji wa kaunti, ambaye (na hili huwashangaza wengi) ndiye pia mwenyekiti wa baraza linalopitisha bajeti na kodi. Jengo la mahakama, la mwaka 1935, liko Mentone, makao makuu. Ardhi ni kame, Mto Pecos ukiwa mpakani. Utajiri wake ni mafuta. Serikali ya kaunti hii iliundwa 1893, ikavunjwa 1897, ikaundwa upya 1931.